Swali la pili ndo linaloumbua

Hivi GPS inakula bando? Swali hili nimeulizwa na watu wa kila aina, na likitupwa mbele ya watu zaidi ya wawili lazima majibu yagombane, mmoja atasema haili hata kidogo, yeye anatembea data imezimwa na kile kidoti cha bluu kwenye ramani kinamfuata tu, mwingine atasema inakula balaa, juzi kaitumia safari moja bando lote limekwenda. Na wote wawili hawadanganyi. Ndo mana napenda maswali ya sayansi na teknolojia, mara nyingi wanaobishana kila mmoja ameona kitu cha kweli kwa macho yake, kinachokosekana ni mtu wa kuwaonyesha kwamba wameona vitu viwili tofauti.

Jibu lenyewe ni hili. Huko juu, kama kilomita 20,200 kutoka ardhini, kuna setilaiti zaidi ya 24 za GPS zinazunguka, na kwa simu yako kazi yao ni moja, kutangaza muda wote "mimi ni fulani, niko hapa, saa yangu inasema hivi". Basi. Hazijui kama upo duniani. Simu inasikiliza tu, haitumi chochote kwenda juu, inaangalia tangazo limechelewa kiasi gani tangu litoke, karibu sehemu 7 za mia za sekunde, inazidisha na kasi ya mawimbi ya redio ambayo ni ile ile ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, inapata umbali. Ikipata umbali wa setilaiti nne imeshajua iko wapi. Mpaka hapo hakuna bando lililoguswa. Bando linaliwa na ramani, yaani zile picha za barabara na majina ya mitaa ambazo app inavuta kutoka mtandaoni kila ukisogea, pamoja na taarifa za foleni. Pakua ramani kabla ya safari, zima data, utafika.

Ukishajibu hivyo unajiona umemaliza kazi. Afu anakuja mtu: mbona sasa nikizima data inachukua muda kunipata? Mwingine anadakia: kwa nini nne, si tatu zingetosha? Na wa tatu, ambaye mi naona ndo mwenye swali zito kuliko wote: kwa hiyo nikizima data hakuna anayejua niliko?

Hapo sasa ndo utamjua aliyeelewa na aliyekariri. La kuchelewa: setilaiti inatuma data polepole mno, biti 50 kwa sekunde, na taarifa za kueleza yenyewe iko wapi inazirudia kila sekunde 30, kwa hiyo simu isiyo na intaneti inabidi itulie isikilize mpaka izipate, yenye intaneti inazichota mtandaoni mara moja. La setilaiti nne: tatu zingetosha kama saa ya simu yako ingekuwa sahihi kama zao, lakini zao ni saa za atomu na ya kwako ni saa ya kawaida tu, ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde umbali unakosea mita 300, kwa hiyo setilaiti ya nne ipo kwa ajili ya kunyoosha saa. Na la kufuatiliwa: setilaiti haikujui kweli, ila mnara wa simu unajua uko maeneo yake maana laini yako inaongea nao muda wote, na app ikishapata mahali ulipo inaweza kutunza kimya kimya ikasubiri uwashe data. Ona sasa, maswali matatu mapya na maelezo ya mwanzo hatujayafuta hata neno, tumeyaendeleza tu.

Huo ndo mtihani wangu kwa maelezo yoyote yanayojiita rahisi. Siangalii urefu, wala siangalii kama maneno yake ni mepesi. Nasubiri swali la pili. Likija na maelezo yakaendelea kusimama, yalikuwa rahisi kweli. Likija ukalazimika kusema "ah, ile ilikuwa namna ya kusema tu, ukweli wenyewe ni mgumu", basi ulimpa mtu kitu cha kumnyamazisha.

Chukua wanaanga. Kila mtu kaona video zao, wanaelea, kijiko kinaelea, tone la maji linaelea, mtoto akiuliza kwa nini anaambiwa huko juu hakuna uvutano wa Dunia. Jibu fupi, tamu, mtoto anaondoka ameridhika, na ni uongo mtupu. Kituo cha kimataifa cha anga kiko kama kilomita 400 tu juu yetu, na pale uvutano wa Dunia bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini, ungejengwa mnara wa urefu huo ukapanda ukasimama kileleni na mzani, ungekuta kilo zako karibu zote ziko pale pale. Na mtoto mkali atakuumbua kwa swali moja tu: Mwezi uko mbali zaidi, kilomita 384,000 huko, sasa nani anaushikilia usiende zake?

Wanaelea kwa sababu wanaanguka. Kituo kinakwenda kwa ubavu kama kilomita 28,000 kwa saa, na jinsi kinavyoanguka kuelekea Dunia ndivyo Dunia yenyewe, kwa kuwa ni duara, inavyojikunja chini yake, kwa hiyo kinaanguka kila sekunde na hakifiki, kinajikuta kimezunguka Dunia nzima kwa kama dakika 90 hivi. Waliomo ndani wanaanguka nacho kwa mwendo ule ule, sakafu haiwasukumi miguu, ndo mana wanaelea. Newton aliiwaza hii karne ya 17, kabla hata ndege hazijawahi kuwepo, akafikiria mzinga juu ya mlima mrefu sana, unapiga kombora linaanguka, unaongeza kasi linaanguka mbali zaidi, unaongeza tena, mpaka kuna kasi moja ambayo kombora haligusi tena ardhi. Hakuna hesabu humo, mtoto wa darasa la nne anaifuata vizuri tu. Imezidi lile jibu la uongo kwa sentensi tatu nne, na swali la Mwezi limejibiwa bure: Mwezi nao unaanguka.

Kwa nini basi lile la uongo ndo linaenea? Nadhani ni kwa sababu linafunga maongezi. Mjibuji anataka kumaliza arudi kwenye mambo yake, muulizaji hataki kuonekana hajaelewa, wanaagana vizuri. Afu wakati mwingine muulizaji akileta la pili anaonekana mbishi, kumbe swali la pili ndo dalili kwamba amelichukua jibu lako kwa uzito, amelibeba, amelipeleka mahali pengine akaona halifanyi kazi. Mi mtu akininyamazia baada ya jibu la kwanza ndo napata wasiwasi.

Aina ya pili ya mjibuji anayenikera ni yule mwenye majina. Unauliza kwa nini anga ni bluu, anakujibu "mtawanyiko wa Rayleigh", halafu kimya, kana kwamba kakulipa deni. Sasa hapo umejua nini zaidi ya jina la Mwingereza? Rayleigh mwenyewe alipoandika mambo haya mwaka 1871 alikuwa anatafuta sababu, hakuwa anatafuta jina. Ukitaka kurahisisha kata majina, kata fomula, sababu iache ilivyo: mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote, kila rangi ina urefu wake wa wimbi, nyekundu mrefu kama nanomita 700 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), bluu mfupi kama 450, na molekuli za hewa, ambazo ni ndogo mno kuliko mawimbi yote hayo, zinayatupa ovyo pande zote yale mafupi kuliko marefu, na tofauti si ya kitoto, bluu inatawanywa kama mara sita kuliko nyekundu. Kwa hiyo ukitazama popote pasipo na jua unachokiona ni mwanga uliotupwa tupwa njiani, na huo mwingi ni bluu. Jioni jua likiwa chini mwanga wake unapita hewa nyingi zaidi mpaka ukufikie, bluu inaishia njiani, inayobaki ni nyekundu.

Swali la pili hapa ni zuri kupita kiasi. Kama fupi ndo linatawanywa zaidi, urujuani una wimbi fupi kuliko bluu, mbona anga halina rangi ya urujuani? Watu wanaorudia jibu la bluu kila siku wakiulizwa hili wanaanza kukohoa. Sababu ni kadhaa na zinasaidiana, jua linatoa urujuani kidogo kuliko bluu, kiasi chake kinamezwa huko juu ya angahewa, na kubwa zaidi ni jicho lenyewe, seli zetu za kuona rangi haziushiki urujuani vizuri kama zinavyoshika bluu. Mi napenda kwamba sehemu kubwa ya jibu haiko angani kabisa, iko kwenye kichwa cha anayeangalia, na mnyama mwenye jicho tofauti anaangalia anga hilo hilo analiona vingine.

Kuna maswali mengine juu yake ni teknolojia lakini ndani ni hofu tupu. Mtu anauliza 5G inatumia masafa gani, yaani wimbi linatikisika mara ngapi kwa sekunde, we unaanza kumpangia gigahezi, mitikisiko kwa mabilioni, kumbe anataka kujua kama ule mnara wa jirani utamletea mwanae kansa. Mwaka 2020 hofu hii ilifika mbali, Uingereza minara ilichomwa moto na watu walioamini 5G inaeneza korona, wakati korona hiyo hiyo ilikuwa inasambaa hata nchi ambazo 5G haijakanyaga. Kuwaita wajinga ni rahisi na sijaona ilikosaidia. Afadhali uanze na hofu yenyewe.

Mi naanza hivi. Mawimbi ya redio, ya simu, ya wifi, mwanga wa taa, urujuanimno wa jua, eksirei, yote ni ukoo mmoja, kinachotofautiana ni nguvu inayobebwa na kila chembe moja ya wimbi. Ili chembe ivunje DNA moja kwa moja lazima yenyewe, peke yake, iwe na nguvu ya kutosha, na uwezo huo unaanzia kwenye urujuanimno kupanda juu, ndo mana jua kali linaweza kuleta saratani ya ngozi na eksirei haipigwi hovyo. Mawimbi ya simu yako upande wa chini kabisa, chini ya mwanga wa taa ya chumbani. Hata yale ya 5G ya gigahezi 30, chembe yake moja ina nguvu pungufu zaidi ya mara 15,000 kuliko chembe ya mwanga wa kijani. Na ukizirundika chembe dhaifu nyingi haziungani zikawa moja yenye nguvu, zinaongeza joto tu.

Hiyo "zinaongeza joto tu" usiiache nje hata iweje, kwa sababu swali la pili limeshasimama mlangoni: mbona maikrowevu inachemsha maji na ni mawimbi hayo hayo? Ni kweli ni hayo hayo, gigahezi 2.45, jirani kabisa na wifi ya 2.4. Inachemsha kwa joto, kwa sababu ni kama wati 700 hadi 1,000 zimefungiwa ndani ya boksi la chuma zinayumbisha molekuli za maji, na simu hata ikikazana haizidi wati 2 hivi, siku nyingi iko chini sana ya hapo na inarusha pande zote. (Na yule anayesema masafa ya maikrowevu yalichaguliwa kwa sababu ndo "masafa ya maji", naye muulize la pili: kama maji yanayameza hivyo, yangefikaje ndani? Maji humeza zaidi kwenye masafa ya juu kuliko hayo, na yangetumika hayo ya juu joto lingeishia juu juu.)

La tatu ndo linawatoa jasho watetezi wa sayansi. Mbona shirika la utafiti wa saratani la WHO, mwaka 2011, liliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani? Ni kweli liliyaweka, kundi la 2B. Ukiificha hiyo ili maelezo yako yabaki mepesi, siku mtu akiipata mwenyewe hatokuamini tena hata ukimwambia moto unaunguza. Makundi yale yanapanga ushahidi una uzito gani, hayapimi hatari ni kubwa kiasi gani, na 2B maana yake ushahidi uliokuwepo ulikuwa mdogo, hautoshi kusema ndiyo na hautoshi kufunga faili. Litaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Nimeona mara nyingi aliyekuwa na hofu anaanza kusikiliza hapo, si kwenye gigahezi.

Dada yangu mkubwa ni mtu wa swali la pili mpaka unakoma. Nilimwambia antibaiotiki hazifanyi kitu kwa mafua, mafua ni virusi. Akanitazama: "Mdogo wangu, mbona mi kila nikizinywa napona?" Sasa hapo ukimjibu "utafiti unasema" umekwisha, maana na yeye utafiti wake anao, ameufanya mwilini mwake. Jibu ni kwamba mafua ya kawaida yanaisha yenyewe ndani ya wiki moja hivi, ukinywa dawa utapona, usiponywa utapona, na kwa kuwa mtu hukimbilia dawa siku aliyozidiwa kabisa, kesho yake kitu pekee kilichobaki ni nafuu, na dawa inachukua sifa. Ndo nikarudi kwenye sababu: penisilini, ile aliyoigundua Fleming mwaka 1928, inazuia bakteria asijenge ukuta wake, bila ukuta anapasuka, na kirusi hana ukuta wowote wa kuzuiwa. Antibaiotiki nyingine zinashambulia mtambo wa bakteria wa kutengeneza protini, kirusi hana hata huo, anaazima wa seli zako. Akafikiri kidogo. "Mbona basi daktari aliniandikia?" Nikamwambia wakati mwingine bakteria huja nyuma ya virusi, kwenye sikio au mapafu, hapo dawa ina kazi, na wakati mwingine mgonjwa amekaa pale hataki kuondoka mikono mitupu na daktari naye ni binadamu. Kila dozi isiyohitajika inawapa bakteria nafasi ya kuzoea, hiyo ndo hasara. Alikubali, ila kwa sura ya mtu anayekwenda kuhakikisha.

Kwenye teknolojia kuna ugonjwa wake, ushauri uliokatwa sababu. Mpaka leo kuna watu wanamaliza chaji ya simu hadi sifuri ndo wachaji, wanakwambia ndo inatunza betri. Ushauri huo ulikuwa na akili enzi za betri za nikeli na kadimi, ambazo zilikuwa na tabia ya kupoteza uwezo ukizichaji kabla hazijaisha. Betri za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991 na ndo zimejaa kwenye simu zetu, hazina tabia hiyo, zenyewe zinachoka zaidi na joto na kukaa muda mrefu zimejaa kabisa au ziko chini kabisa. Sababu ilikufa, ushauri ukabaki unatembea peke yake, kwa sababu aliyeutoa mara ya kwanza aliona sababu ni ndefu akaikata. Na swali la pili la betri unalijua: mbona imezimika ikiwa na asilimia 15? Kwa sababu ile asilimia ni makadirio ya programu, na betri iliyozeeka ukinzani wake wa ndani umepanda, ukifungua kamera inadaiwa umeme mwingi ghafla, volti zinashuka chini ya kiwango na simu inajizima, ingawa chaji kweli ilikuwemo.

Kuhusu mifano. Wengi wanaamini kurahisisha ni kutafuta mfano, umeme ni kama maji kwenye bomba, presha ndo volti, mtiririko ndo ampea. Mi siukatai, unafika mbali tu. Ila ukikata bomba maji yanamwagika, ukikata waya hakuna kinachomwagika, na mtu mwenye akili atauliza. Atauliza pia umeme unakimbia kwa kasi gani hadi taa iwake papo hapo, na kama umemwachia picha ya maji yanayosafiri kutoka mwanzo wa bomba umempoteza, maana elektroni zenyewe, zile chembe zinazobeba umeme ndani ya waya, zinajikokota, hata milimita moja kwa sekunde mara nyingi hazifiki. Kinachofika haraka ni msukumo, zile elektroni tayari zimejaa waya mzima, zote zinaanza kusogea karibu kwa pamoja. Kwa hiyo ukitoa mfano sema na unapoishia, hapo hapo, usisubiri kukamatwa.

Richard Feynman, mwanafizikia wa Marekani, mwaka 1983 alihojiwa na BBC, akaulizwa sumaku zinavutanaje na kusukumanaje. Mtu maarufu kwa kurahisisha, kila mtu anasubiri mfano mzuri, akagoma. Alieleza kwamba angeweza kusema ni kama zimeunganishwa na mpira wa kuvutika, lakini angekuwa anadanganya, kwa sababu ukimuuliza la pili, mpira wenyewe unavutikaje, itabidi aueleze kwa nguvu zile zile za umeme na sumaku alizokuwa anajaribu kuzieleza kwa mpira. Kuna watu wanaichukulia kama majivuno. Mi naona ni heshima kubwa, alimhesabu mwenzake kuwa mtu atakayeuliza tena.

Siku hizi wengi wanapeleka maswali yao kwa AI, na kwa jambo moja inatushinda binadamu, ukiiuliza la pili, la tano, la kumi hainuni. Ila ujue inachofanya ni kukadiria kipande cha neno kinachofuata, kwa hiyo jibu la kweli na la uongo vinatoka kwa sauti moja ya kujiamini, ukiibana sana kuna wakati inakukubalia tu yaishe. Swali la pili linafanya kazi hata hapo. Uliza sababu, afu uliza sababu ile inatabiri nini mahali pengine, halafu kaangalie kama kweli iko hivyo.

Swali ninalolipenda kuliko yote bado ni la kitoto: kwa nini usiku ni giza? Jua limezama, kwisha. Ila nyota nazo ni majua, na ziko nyingi ajabu, sasa kama ulimwengu hauna mwisho na umekuwepo siku zote, kila upande utakaoangalia mstari wa jicho lako utakutana na nyota mahali fulani, na anga zima la usiku lilitakiwa ling'ae kama uso wa jua. Wataalamu wa nyota walihangaika nalo, Kepler alilisumbukia hili mwaka 1610, Olbers akaliandika mwaka 1823, yeye akasema kuna kitu huko katikati kinameza mwanga. Swali la pili likaliua jibu hilo: kinachomeza mwanga kinapata moto, na muda ukiwa hauna mwisho kitapata moto hadi nacho king'ae. Ikabidi kubaki na jibu ambalo hakuna aliyelitarajia kwenye swali jepesi vile, kwamba ulimwengu una umri, tunaukadiria miaka bilioni 13.8, na mwanga wa mbali sana haujapata muda wa kutufikia, na uliofika umevutwa ukarefuka kwa sababu ulimwengu unatanuka. Wanasayansi wawili, Penzias na Wilson, mwaka 1964 walikuwa na antena kubwa Marekani yenye kelele isiyoisha, inatoka kila upande, wakadhani ni vifaa, wakasafisha hadi kinyesi cha njiwa kilichokuwa ndani yake, kelele ipo. Ulikuwa ni mwanga wa mwanzo mwanzo wa ulimwengu, umerefuka hadi umekuwa mawimbi ya maikrowevu, joto lake kama nyuzi 270 chini ya sifuri. Walipata Nobeli mwaka 1978.

Nilimweleza dada yangu haya kwa simu. Akauliza, kwa hiyo macho yetu yangekuwa yanaona mawimbi hayo, usiku kusingekuwa na giza? Nikamwambia anga lote lingekuwa linang'aa, usiku na mchana, karibu sawasawa kila kona, tofauti ya hapa na pale ni kama sehemu moja kwa laki, na kutoka kwenye vitofauti hivyo ndo galaksi zilikuja kuanza. Akataka kujua hivyo vitofauti vilitoka wapi. Tukaendelea hadi chaji yake ikaisha, akasema ilikuwa asilimia 12.